Upepo Uliobaki Tangini

Tuliporudi Same kutoka mazikoni, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda bandani kuangalia mshale. Hata kaniki yangu sikuikung'uta vumbi la njia. Mshale wa geji ya upepo ulikuwa umesimama kwenye sitini, palepale mume wangu alipouacha asubuhi ile alipofunga koki, akasema kifua kinambana, anaingia ndani kujinyoosha kidogo.

Hakutoka tena kwa miguu yake. Kichomi kilimmaliza upesi, na mganga wa zahanati alipofika sisi tulikuwa tumekwisha kumfunga kidevu. Tulimpakia kwenye lori lililokuwa likielekea Moshi, tukashuka njiani, na wanaume wakambeba kupanda mpaka Ugweno, kwao. Alizikwa kwa nyimbo za kanisani na mchungaji alisema vizuri. Mimi nilikaa chini pamoja na wanawake wa kwao, kichwa kimenyolewa, nikisikiliza lugha ninayoielewa nusu. Kwetu ni Mhezi, upande wa kusini, na lugha yetu ni Chasu. Mume wangu na mimi tulizungumza Kiswahili tangu siku ya kwanza, kwa sababu hapakuwa na lugha nyingine tuliyoweza kukutana ndani yake. Mpaka leo nikimsikia akilini humsikia kwa Kiswahili chake cha jeshini, kifupi kifupi, kama mtu anayehesabu misumari.

Mashine ile ya kujaza upepo aliiunda mwenyewe baada ya kurudi kutoka Keya, jeshi la Mwingereza. Jeshini aliwekwa karakana ya magari, akarudi na suruali za kaki na tabia moja mbaya: hakuweza kupita karibu na chuma kilichotupwa bila kukigeuza kwa mguu. Silinda ilitoka kwenye pikipiki iliyoungua. Gurudumu kubwa lilitoka kwenye mashine mbovu ya kusaga mahindi. Mkanda ulikuwa kipande cha mkanda wa shamba la mkonge, akaushona upya kwa waya. Tangi lilikuwa la breki za upepo, la lori la jeshi lililopinduka mteremkoni likaachwa huko mpaka nyasi zikaota ndani ya injini, na geji ilitoka kwenye lori hilohilo, kioo chake kikiwa na ufa. Kila kitu katika mashine ile kilikuwa kimekufa mahali pengine kabla ya kuja kwetu.

Kitu kimoja tu hakikutoka kwenye takataka. Mwanzoni pistoni ilikuwa inavuja. Alijaribu ngozi ya kiatu, akajaribu mpira, upepo ukawa unamcheka. Ndipo alipopanda Ugweno akakata kipande kwenye mvukuto wa baba yake. Baba mkwe wangu, ambaye sikumkuta hai, alikuwa mhunzi, mtoto wa mhunzi, na mvukuto wake wa ngozi ya mbuzi ulikuwa umening'inia darini tangu alipokufa. Mume wangu aliikata ile ngozi mviringo, akailainisha kwa mafuta, akaikunja kama kikombe na kuivisha pistoni. Haikuvuja tena. Alicheka peke yake bandani. "Sasa mzee anafanya kazi Same," aliniambia. Tangu siku hiyo mashine tuliiita Mzee.

Banda letu lilikuwa kando ya barabara, na malori yaliyotoka Korogwe kwenda Moshi yalisimama kujaza tairi. Yeye alishughulika na tairi. Mimi nilizungusha gurudumu. Madereva walikuwa na utani wao. "Fundi, ulioa mke au ulioa injini?" Naye bila kuinua kichwa: "Injini inakunywa petroli. Huyu anakula ugali. Ungekuwa wewe ungechagua nini?" Nilikuwa nawarushia tambara la grisi, wote wawili.

Kila jioni kazi ikiisha palikuwa na jambo moja zaidi. Upepo ukikazwa ndani ya chuma hutoa jasho, na jasho hilo hukusanyika chini ya tangi. Palikuwa na koki ndogo pale chini. Ukiifungua kidogo maji ya rangi ya chai yanatoka kwanza, halafu upepo. Yasipotolewa, yanaila chuma kutoka ndani, mahali ambapo jicho haliwezi kuona. Hiyo ilikuwa kazi yangu pia. "Nenda kamkojoleshe Mzee," alikuwa akiniambia, na mimi nilikuwa nikienda.

Nilikuwa bado Ugweno, sijafunga hata mzigo wa kurudi, wakati baba mkubwa alipozungumza nami juu ya mashine. Alikuwa kaka wa baba mkwe wangu na mhunzi wa mwisho katika ukoo ule. Alisema, kwa Kiswahili ili nisikose kuelewa, kwamba kile chombo kisiguswe na mtu, si mimi wala shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye tulikuwa tukiishi naye Same. Kilikuwa na ngozi ya mvukuto ndani yake, kwa hiyo kilikuwa mvukuto. Kwa watu wa ukoo wao, mhunzi akifa mvukuto wake hulala. Baada ya mvua ndugu hukutana, na mmoja wao huikalia ngozi mpaka pumzi yote iliyosalia ndani itoke na ngozi iwe bapa. Hapo ndipo kilio chake hufungwa. Hata wale waliobatizwa tangu utotoni walilishika jambo hilo, kimya kimya, kama mtu anavyoshika kikohozi kanisani.

"Tutakuja," alisema. "Usikifungue."

Sikutaka kukifungua. Hilo lazima lieleweke. Shemeji alikuwa akizunguka banda kama mbuzi aliyefungwa, kwa sababu ile ndiyo ilikuwa kazi yetu na malori yalikuwa yakipita bila kusimama. Akaenda kufanya vibarua kituo cha reli, kupakua magunia. Jioni alikuwa akiniambia, "Shemeji, maji yanakula tangi." Nami najua. Nilijua kuliko yeye. Lakini maji hayatoki peke yake. Yakiisha upepo hufuata, na mkono wangu siku hizo ulikuwa haujiamini kuifunga koki upesi. Nilijiambia tumekatazwa. Ilikuwa kweli kwamba tumekatazwa, na ilikuwa kweli pia kwamba nilifurahi kukatazwa.

Kwa sababu mshale ulikuwa hai. Alfajiri, baridi ya milimani ikiwa imeshuka mpaka Same, ulikuwa chini kidogo. Jua likipanda na mabati ya banda yakianza kulia, mshale nao ulipanda. Mchana ulikuwa juu. Jioni ukashuka tena. Mume wangu aliwahi kunieleza kwamba upepo ukipata joto hutanuka, ukipoa hunywea, hakuna ajabu. Nilikumbuka maneno yake vizuri. Hata hivyo nilileta kigoda, nikawa nakaa pale na kazi yangu ya kuchambua maharage, nikiutazama mshale ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, taratibu sana, kama kifua cha mtu aliyelala ambaye usingizi wake ni wa siku nzima. Wakati mwingine tangi lilitoa mlio mdogo wa chuma kinachonyooka. Nilikuwa naitika. Nasema "naam", halafu naona haya, naendelea na maharage.

Siku hadi siku ulikuwa ukishuka pia kwa njia nyingine. Ule upandaji wa mchana haukufika tena ulipofika jana. Palikuwa na mvujo mahali fulani, mdogo, usiosikika. Nilipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo nilichokifahamu nikaangalia kama litafanya kiputo, na sikuona. Alikuwa akiondoka polepole kwa mlango ambao sikuweza kuuziba.

Nimesema "alikuwa", na hapa ndipo penye ukweli ambao nilikuwa nao peke yangu siku zote hizo. Asubuhi ile ya mwisho hakuzungusha yeye. Alikuwa ameketi kwenye tofali, shuka mabegani ingawa jua lilikuwa limetoka, na mimi ndiye niliyejaza tangi. Alikuwa akiutazama mshale. Ulipofika alipotaka aliinua mkono, nikaacha, akajikokota akafunga koki. Mkono uliofunga ulikuwa wake. Mikono iliyosukuma upepo ule, wote, ilikuwa yangu. Nililijua hilo nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu. Lakini ukimkosa mtu unachukua chochote ambacho kiliguswa naye mwisho, na mimi nilichukua kile.

Mvua zilinyesha, zikapita. Wazee walishuka kwenye treni asubuhi moja, wawili: baba mkubwa, mrefu, mkavu, kidole gumba kimoja kimepindishwa na nyundo ya zamani, na binamu yake ambaye alikuwa mzee wa kanisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Ni jua la Same, baba."

"Jua halili watu," alisema, akanipita kuelekea bandani.

Mzee wa kanisa alitaka kila mtu aelewe kilichomleta. "Mimi sikuja kwa mambo ya mizimu. Mchungaji akiniuliza, nilikuja Same kununua chumvi."

"Basi uinunue kweli," baba mkubwa akamjibu, "usije ukamdanganya mtumishi wa Mungu."

"Nitainunua. Si unaona nimekuja na mfuko?"

Baba mkubwa aliizunguka mashine mara nyingi. Aligusa gurudumu, akavuta mkanda kwa kidole, akapiga silinda kwa kucha akasikiliza. Mimi nilisimama nje ya banda, kwa sababu kwao mwanamke hakaribii mvukuto uliolala. Nilikaribia kadiri kivuli cha bati kilivyoniruhusu.

"Mdomo wake uko wapi?"

Shemeji akamwonyesha mpira wa kujazia.

"Mvukuto wetu una mifuko miwili," baba mkubwa alisema. "Mmoja ukivuta, mwingine unatoa. Huyu ana tumbo moja. Anakula, hatoi?"

"Anatoa ukimfungulia, baba mkubwa."

"Na asipofunguliwa?"

"Anakaa nao."

"Mpaka lini?"

Shemeji alinitazama. "Mpaka uvuje wote. Au mtu afungue."

Baba mkubwa aliweka kiganja juu ya tangi, akakiacha pale. "Ngozi ukiiacha, inalala yenyewe. Unaikuta asubuhi imelegea. Hiki hakilegei." Kisha akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kutuambia sisi, "Basi mtu anaweza kuzikwa, akaliliwa, watoto wa wenzake wakazaliwa, na pumzi yake bado imo humu."

Mzee wa kanisa alikohoa.

Baba mkubwa aliuliza ule mshale ni wa nini, shemeji akamweleza kwamba unaonyesha upepo uliomo ni kiasi gani. Baba mkubwa akaokota kipande cha mkaa jikoni kwangu, akachora alama ndogo kwenye kioo, mbele kabisa ya ncha ya mshale, kama wahunzi wanavyotia alama chuma kabla ya kukirudisha motoni. "Tule kwanza," alisema. "Kazi hii haifanywi mtu akiwa na njaa."

Niliwapa makande na ndizi. Walikula uani, wakazungumza Kigweno, wakacheka jambo moja la zamani kuhusu punda aliyekataa kuvuka mto, ambalo mzee wa kanisa alinitafsiria vibaya na mimi nikacheka kwa adabu. Jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa. Mabati yalikuwa yakilia. Nilijua watakachokiona watakaporudi, na sikuwaonya.

Baba mkubwa ndiye aliyeingia kwanza. Alisimama. Mzee wa kanisa, aliyekuwa nyuma yake, alichungulia juu ya bega lake, akataja jina la Yesu.

Mshale ulikuwa umeipita ile alama.

"Nani amegusa?" baba mkubwa aliuliza.

"Hakuna, baba mkubwa," shemeji alisema. "Wote tulikuwa tunakula."

Baba mkubwa alivua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia, hata makaburini alikuwa ameivaa mpaka sala. Kichwa chake kilikuwa na upara kama wa mume wangu, umbo lilelile, na hilo lilinichoma kuliko mshale. "Anavuta," alisema polepole. "Kijana wetu bado anavuta."

Mzee wa kanisa alikuwa ameushika mfuko wake mtupu wa chumvi kwa mikono miwili kifuani. Niliona wazi mambo yatakavyokuwa. Ningenyamaza, wangefunga banda. Hakuna mtu wa Ugweno ambaye angethubutu kumfungua mtu anayepumua. Wangemkataza shemeji milele, na mashine ingebaki pale kando ya barabara, na mimi na kigoda changu. Ningekuwa naye mpaka mvujo ummalize. Hakuna ambaye angenilaumu, kwa maana nisingekuwa nimesema uongo wowote.

Shemeji alikuwa amefungua mdomo, akaufunga. Nadhani alinihurumia.

"Ni joto, baba," nilisema.

Waligeuka wote.

"Upepo ukipata joto unatanuka. Jioni mshale utarudi chini ya alama. Alfajiri utashuka zaidi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza."

"Umeona ukirudi?"

"Nimeona, baba. Nautazama."

"Lini?"

"Kila siku."

Baba mkubwa alikiona kigoda kilichokuwa mahali ambapo mwanamke hakupaswa kukaa, na maganda ya maharage chini yake. Alirudisha kofia kichwani, akanijia mpaka kwenye ukingo wa kivuli.

"Nitakuuliza jambo ambalo huwa tunauliza. Pumzi iliyobaki ndani ya mvukuto ni ya mkono uliovuta mwisho. Kama ni wake, mdogo wake ataifungua leo, na kilio tutakifunga hapa, mbele yetu. Mkono wa mwisho ulikuwa wa nani?"

Nilikuwa na jibu moja la nusu, na lilikuwa tayari mdomoni. Alifunga yeye. Lilikuwa la kweli. Ningelisema, wangekifunga kilio chake pale, na upepo ule ungetoka ukiwa wake, mbele ya ndugu zake, kwa heshima yote. Nililitamani jibu hilo. Lakini yule mzee alikuwa ameuliza habari ya kuvuta, hakuuliza habari ya kufunga.

"Koki alifunga yeye," nilisema. "Upepo nilijaza mimi. Yeye alikuwa amekaa, hakuweza."

"Wote?"

"Wote, baba. Yeye hakugusa gurudumu siku ile."

"Mwanamke amevukuta?" mzee wa kanisa aliuliza, na safari hii hakukumbuka kabisa kwamba alikuja kwa chumvi.

"Shemeji ndiye aliyekuwa akivukuta kila siku," mdogo wa mume wangu alisema. "Hata kaka akiwa mzima. Barabara nzima inajua."

Niliona baba mkubwa akiligeuza jambo hilo kichwani. Nilitarajia ukali. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka tu. "Basi hapa hakuna kilio cha kufunga," alisema. "Mwenye pumzi yuko hai. Afungue mwenyewe."

Nimesikia maneno mengi ya msiba tangu wakati ule, na mengine yamenihusu kwa karibu. Hakuna yaliyonipiga kama hayo. Tangu mazikoni nilikuwa nimelala nyumba moja na kitu nilichokiita yeye, na mtu mzima mwenye haki ya kusema alikuwa amesema kwamba hakikuwa yeye. Nikaingia bandani. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikaishika koki ya chini. Ilikuwa imekaza. Shemeji aliinama kunisaidia, nikamwambia aache.

Ilipoachia, maji yalitoka kwa nguvu, mekundu, mazito kama uji wa mtama, yakanirukia kaniki. Yalitoka mengi. Halafu upepo ukafuata, wenye harufu ya mafuta na kutu na kitu kama udongo wa pangoni. Ulipuliza vumbi la banda lote. Ulinipita usoni na sikufumba macho. Nilikuwa nikisubiri, sijui nini. Harufu ya shuka lake labda. Ilikuwa harufu ya chuma tu. Sauti ikawa nyembamba, nyembamba zaidi, kisha nikawa nasikia tu kuku uani.

"Mlikuwa mnaiitaje kazi hiyo ya maji?" baba mkubwa aliuliza nyuma yangu.

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya wakwe, na machozi, na neno lile nisingeweza kulitamka. Shemeji akasema kwa niaba yangu: kumkojolesha Mzee. Baba mkubwa akacheka, kicheko kikavu, kifupi kifupi, na kilikuwa kicheko cha mume wangu hasa. Mzee wa kanisa aligeuka kuutazama mlima, mabega yakimtikisika.

Baada ya hapo baba mkubwa aliomba nyundo ndogo. Akaligongagonga tangi taratibu kuanzia juu kushuka, sikio karibu na chuma, na huko juu lililia vizuri. Chini halikulia. Akaomba bisibisi, akaisukuma kwa kiganja tu, bila kuipiga, nayo ikaingia kama inaingia kwenye papai. Akaichomoa, akatuonyesha ncha yake yenye matope mekundu.

"Kama mngelijaza tena?" aliuliza.

"Lingepasuka," shemeji alisema. Alikuwa amebadilika rangi. Yeye ndiye angekuwa amesimama karibu, jinsi kaka yake alivyokuwa akisimama, mshale mbele ya pua.

"Sisi ndio tuliosema lisiguswe," baba mkubwa alisema. Aliiweka bisibisi chini kwa uangalifu, kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine mwenye hasira. "Mvukuto wa ngozi ukiulaza unapumzika. Huu tumeulaza ukaoza. Heshima yetu imeuozesha." Hakusema tena jambo hilo, wala hakuomba msamaha, na mimi sikumtaka aombe. Nami nilikuwa nimekaa pale siku zote nikijua.

Kabla ya kuondoka aliitaka ngozi. Shemeji akafungua silinda, akaitoa pistoni, akaivua kile kikombe cheusi kinachong'aa kwa mafuta. Baba mkubwa alikishika kwenye kiganja. Alikinusa. Kwa kidole chake kilichopinda alipapasa ukingo mpaka akakuta tundu dogo la sindano, mahali ngozi ilipokuwa imeshonwa zamani ilipokuwa bado mvukuto.

"Huu mshono ni wangu," alisema. "Mdogo wangu hakujua kushona."

Alikifunga katika kitambaa, akakitia mfuko wa koti. "Ngozi ni ya Ugweno. Vyuma ni vyenu." Kisha akaniambia, kwa Kigweno, maneno machache ambayo nilifikiri ni kuaga tu. Shemeji ndiye aliyenieleza baadaye, njiani kurudi kutoka stesheni: alisema nisinyoe tena kichwa, niache nywele ziote. Mzee wa kanisa alipanda treni na chumvi yake.

Mwaka ule ulikuwa mgumu. Shemeji alipata tangi jingine kwenye chuma chakavu cha shamba la mkonge, zito, la zamani, akalijaza maji mpaka juu na kulipiga pampu kabla ya kuliamini kwa upepo, na siku nzima nililitazama chini kama linatoka hata tone. Halikutoka. Ngozi nilikata mimi. Nilinunua ya ng'ombe kwa Wamasai, nikaiharibu mara ya kwanza, mara ya pili ikakubali.

Nywele zangu zilikuwa zimeota vya kutosha kusukwa siku lori la kwanza liliposimama. Dereva alikuwa mtu wa pwani ambaye hakuwa amepita upande wetu kwa muda mrefu. Alishuka akiwa anacheka tayari, kama walivyokuwa wakishuka wote.

"Fundi yuko wapi? Mwambie leo asinichekeshe, mama, nina haraka."

Shemeji alikuwa ameinamia tairi. Aliendelea kuinama. Nilielewa kwamba hataki kusema, na kwamba ananiachia.

"Alikufa," nilisema.

Dereva aliacha kucheka, lakini uso wake haukujua pa kwenda. "Alikufa? Fundi?"

"Alikufa kwa kichomi. Tulimzika kwao."

Alivua kofia akasimama nayo. Alitazama mashine, akanitazama mimi, akalijia gurudumu. "Pole, mama. Basi niache nizungushe mimi."

"Kaa tu," nilimwambia. "Hii ni kazi yangu."

Nikashika mkono wa gurudumu. Mwanzoni ulikuwa mzito, kisha ukakubali, na shemeji akaunganisha mpira kwenye tairi. Nilizungusha mpaka tairi ikakaza na lori likasimama sawasawa. Dereva akaaga kwa sauti ya chini, akawasha gari, akaondoka na upepo ule kuelekea Moshi.